Hakuna Ushahidi, Maana Hakuna Aliyepima

Kuna jibu moja ambalo watu wa Garissa, Wajir na Mandera wamelisikia mpaka wamelikariri. Kila mzee anaposimama barazani kuuliza kampuni za kutafuta mafuta zilizopita huku zilizika nini, hakosekani mtu wa kumtuliza. Visima vile havikuwa na kitu, mzee wangu. Mafuta hayakupatikana, na pasipo mafuta hapana taka za mafuta, na pasipo taka hapana mionzi ya kumdhuru mtu. Saratani? Hiyo ni chai ya moto. Mengine ni uvumi tu. Hakuna ushahidi.

Zamani lilikuwa jibu la wizarani. Siku hizi limekuwa la kila aliyesoma, na hata vijana wetu waliotoka vyuo vikuu hulirudia kwa fahari kidogo, ili wajulikane kwamba wao hawamo katika kundi la wanaoamini hadithi za mapipa ya nyuklia yaliyofukiwa mchangani usiku. Mimi pia hadithi hiyo siiamini, na nitaeleza sababu. Lakini jibu lenyewe silikubali hata kidogo. Limevaa koti jeupe la maabara na halijawahi kuingia maabara.

Tuanze na visima, kwa sababu wengi wanaovitolea ushahidi hawavijui hata kwa majina. BP na Shell walichimba Wal Merer mwaka 1967 na Garissa-1 mwaka 1968, wakitafuta mafuta katika bonde la Lamu, ambalo kwa mwanajiolojia halikomei pwani bali linapanda bara hadi Garissa. Hagarso kilifuata mwaka 1975. Mwaka uliofuata Chevron wakaingia bonde la Anza, lile pana linaloanzia Chalbi huko Marsabit na kushuka kusini-mashariki kuja kwetu. Mwaka 1987 Amoco wakachimba viwili vya Elgal katika bonde la Mandera, kisha mwishoni mwa muongo huo wao na Total wakatoboa Anza na Chalbi mara kadhaa: Ndovu, Duma, Hothori, Endela, Kaisut, Sirius, Bellatrix. Kukawa na kimya cha miaka 20 hivi. Halafu CNOOC ya China wakaja na Bogal, zaidi ya mita 5,000 kwenda chini. Mwaka 2014 Africa Oil wakagusa gesi huko Sala. Mwaka 2015 Badada-1 cha Kitalu 2B kikafungwa mikono mitupu. Hakuna hata kimoja kilichotoa pipa la kuuzwa. Mpaka hapo wapinzani wangu wako sawa.

Sasa, kisima kisichotoa mafuta hutoa nini? Piga hesabu. Shimo lenye kipenyo cha sentimita 30 likishuka mita 3,000 hutoa zaidi ya mita za ujazo 200 za mawe yaliyosagwa. Hayo ni malori 20 ya kokoto iliyokuwa chini ya ardhi tangu enzi za mijusi wakubwa, na sasa imekaa juu, mahali mbuzi wanapopita. Kokoto hiyo haipandi peke yake. Hubebwa na matope ya kuchimbia, mchanganyiko wa maji, udongo wa bentonaiti, unga mzito wa baraiti, magadi makali na kemikali nyingine za kuzuia kuta za shimo zisiporomoke. Na ikiwa mwamba una maji, na mara nyingi unayo, yale maji ya chumvi kali huchanganyika na matope, au hutolewa makusudi wakati wa kujaribu kisima. Yote haya huenda kwenye shimo la kando ya mtambo. Kazi ikiisha, mtambo hung'olewa, shimo hufukiwa, na wenyeji huachiwa kibao cha saruji chenye jina la kisima na tarehe.

Ndani ya vitu hivyo mionzi inatoka wapi? Si lazima mtu ailete kwa meli. Kila mwamba duniani una urani na thoriamu kidogo, na miamba ya udongo mweusi ambayo watafuta mafuta huipenda, kwa kuwa ndiyo inayozaa mafuta, huwa na urani zaidi ya mingine. Urani ikioza hutoa radiamu-226. Thoriamu ikioza hutoa radiamu-228. Wazazi hawa wawili hukaa ndani ya jiwe, lakini mtoto wao ana tabia nyingine: akikutana na maji yenye chumvi nyingi huyeyuka na kuondoka nayo. Ndiyo maana maji yanayotoka pamoja na mafuta hubeba radiamu hata pale ambapo jiwe lenyewe halitishi. Shirika la Jiolojia la Marekani lilipochapisha vipimo vya maji ya mwamba wa Marcellus mwaka 2011, kipimo cha katikati kilikuwa zaidi ya bekereli 90 za radiamu kwa lita. Kwa maji ya kunywa, kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani kwa radiamu-226 ni bekereli 1.

Hapa lazima niwape wapinzani wangu haki yao, maana hoja isiyokubali pale palipo na ukweli ni kelele tu. Marcellus ni eneo la uzalishaji. Maji hutoka huko miaka nenda miaka rudi, mabomba hujenga gamba gumu lenye radiamu, matangi huweka masimbi, na ndipo hatari inapolundikana. Kisima cha utafiti kilichochimbwa miezi michache na kufungwa hakiwezi kufikia hapo. Anayewaambia watu wa Garissa kwamba wanaishi juu ya Chernobyl anawadanganya. Kama kuna kilichobaki kwenye mashimo yale, yaelekea ni kidogo, kimechanganyika na kemikali nyingine, na kiko mahali maalumu panapojulikana.

Lakini kidogo si sifuri. Na kidogo kilichokaa mahali pabaya kinaweza kuwa kikubwa kwa familia moja yenye kisima kimoja.

Wanaosema taka zimefukiwa na zimekwisha wanafikiri kama watu wa mjini, ambako kilichofukiwa hakiguswi tena isipokuwa na tingatinga la barabara. Huku kwetu ardhi inafanya kazi nyingine. Ngamia ni mnyama wa chumvi. Anahitaji chumvi kuliko ng'ombe au kondoo mara kadhaa, na mchungaji anayejua kazi yake humpeleka mbali, siku nyingi za mwendo, kwenye udongo wa chumvi na visima vya maji magumu ili alambe na kunywa ashibe. Sasa chukua shimo lililojaa maji ya chumvi kutoka mita 2,000 chini, lifukie juu juu, liache likaushwe na jua la miaka 30 mpaka chumvi ipande na kuweka ukoko mweupe, halafu uniambie ni mnyama gani wa nyika hii atakayepita bila kulamba. Huko Kargi, Marsabit, wakazi wamesimulia kwa waandishi wa habari kwa miaka mingi kwamba unga mweupe ulioachwa na wachimbaji walidhani ni chumvi, wakaupikia. Simulizi hiyo huchekwa Nairobi. Kwa mtu anayejua thamani ya chumvi jangwani haina cha kuchekesha.

Na radiamu ikishaingia kwenye mnyama huenda wapi? Mwili huifananisha na kalisi. Kalisi huenda kwenye mfupa na kwenye maziwa, na radiamu huifuata kote. Hilo halikugunduliwa jana. Katika miaka ya 1920 wasichana wa viwandani New Jersey na Illinois walipaka namba za saa kwa rangi ya radiamu, wakichongoa brashi kwa midomo yao. Taya zilioza na mifupa ikapata saratani. Wakubwa wa kiwanda waliwaambia rangi haina madhara, tena ni nzuri kwa afya. Watu wanaoishi kwa maziwa ya ngamia, ambao watoto wao hukua kwa maziwa hayo kabla ya kitu kingine, ndio wangekuwa wa kwanza kupimiwa maziwa hayo katika nchi yenye haraka ya kujua. Utafiti wa mifugo umefanyika sana Kaskazini Mashariki, wa magonjwa, wa masoko, wa ukame. Kuweka kikombe cha maziwa mbele ya kipima mionzi si kazi ngumu kuliko hizo.

Kuna hoja ya ndizi. Mtu akitaka kuonyesha kwamba anajua fizikia atakukumbusha kwamba hata ndizi ina mionzi, kwa ajili ya potasiamu-40, na kwamba sote tunaishi ndani ya mionzi ya asili. Ni kweli, na haihusiani na jambo hili. Potasiamu mwili huipima wenyewe: ukila ndizi zaidi unakojoa ziada. Radiamu haikojolewi yote. Sehemu yake hukaa mfupani na kuendelea kupiga seli za jirani, na nguvu yake hupungua nusu tu kila baada ya miaka 1,600. Anayezilinganisha anajua kusoma jedwali la elementi lakini hajui mwili wa mtu.

Tuje kwenye saratani, ambako pande zote mbili zimekosea. Saratani ya umio imewasumbua watu wa kaskazini mwa Kenya kwa muda mrefu, nasi tuko ndani ya ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini ambako ugonjwa huo umekithiri kuliko sehemu nyingi za dunia. Mashine za mionzi zilipowekwa katika kituo cha saratani cha Garissa, hakuna aliyeuliza kama wagonjwa wapo. Sasa wanasiasa wetu hushika wagonjwa hao wa koo na kuwaonyesha kama ushahidi wa taka za nyuklia. Ni kosa. Radiamu, kwa tunavyoijua tangu wale wasichana wa saa, hushambulia mifupa na mapango ya kichwa. Umio sio anwani yake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitamka mwaka 2016 kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio, na sisi chai yetu, shaah, hatuisubiri ipoe. Kwa hiyo mtu wa chai ana hoja.

Ila tazama anachofanya na hoja hiyo. Anaichukua saratani moja aliyoweza kuieleza, kisha anafunga faili la magonjwa yote. Kuhusu mifupa anasemaje? Kuhusu damu? Kuhusu figo, ambazo huumia kwa metali nzito hata bila mionzi yoyote? Hasemi, kwa kuwa hana daftari la kusomea. Rejista za saratani zenye historia ndefu Kenya ni ya Eldoret, iliyoanza 1999, na ya Nairobi, iliyofuata miaka miwili baadaye. Mgonjwa wa Dadaab au Masalani anayefika Nairobi, kilomita kama 370 kutoka Garissa mjini, hubahatika kuandikwa. Yule aliyefia kwenye manyatta akilia mguu, hakuna karatasi inayomjua. Nchi isiyohesabu wafu wake wa mfupa haiwezi kuapa kwamba hawapo.

Wenye jibu lile huendelea kwa kusema kwamba sheria zilikuwepo na mamlaka zingejua. Zipi? Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilitungwa mwaka 1999, na mamlaka ya mazingira, NEMA, ikazaliwa baada yake. Wakati huo Garissa-1 ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30. Sheria ya kujikinga na mionzi ilikuja miaka ya 1980, ikilenga zaidi mashine za eksirei na vyanzo vya mionzi vya viwandani. Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, KNRA, imetokana na sheria ya 2019. Visima vingi nilivyovitaja vilichimbwa wakati hapakuwa na mtu nchini ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza shimo la matope limetandikwa nini chini. Na tusidhani ni uzembe wetu wa Kiafrika peke yake. Marekani yenyewe, mama wa sekta hii, ilizitoa taka za mafuta na gesi nje ya kanuni za taka hatari mwaka 1980, na shirika lake la mazingira likathibitisha msamaha huo mwaka 1988, wakati uleule ambapo kampuni za kule zilikuwa zikichimba Anza. Kampuni isiyolazimika kuhesabu radiamu nyumbani kwao haikuwa na sababu ya kuihesabu jangwani kwetu.

Mahali walipopima ndipo ushahidi ulipotokea. Kwenye kijito cha Blacklick, Pennsylvania, kiwanda kimoja kilikuwa kikisafisha maji ya visima vya mafuta na gesi na kuyamwaga mtoni, kwa kibali, kwa mujibu wa sheria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walichota tope la chini ya mto, na mwaka 2013 wakachapisha walichokuta: radiamu mara 200 hivi kuliko juu ya mto. Hayo ni maji yaliyokwisha kusafishwa. Huko Harvey, Louisiana, ardhi ya familia moja ilikuwa imekodishwa kwa kazi ya kusafisha mabomba ya mafuta. Gamba la mabomba lilibaki ardhini, na mwaka 2001 baraza la mahakama liliamuru ExxonMobil kulipa dola bilioni 1. Rufaa ilipunguza sana kiasi hicho, lakini hakuna aliyebisha tena kama gamba lile lilikuwa na mionzi. Siku moja kabla ya mtu kuingia na kipimo, huko nako ungesema hakuna ushahidi.

Hatuhitaji hata kwenda ng'ambo. Owino Uhuru, Mombasa, watu walilalamika juu ya kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, wakaambiwa yaleyale tunayoambiwa sisi. Mambo yaligeuka pale damu ilipopimwa, kwanza ya mtoto wa mwanaharakati Phyllis Omido, kisha ya majirani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3, na baada ya vuta nikuvute ya rufaa, Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Tofauti ya Owino Uhuru na Garissa ni chupa za damu zilizofika maabara.

Nakusikia ukisema: kwani si serikali imekwishapima maji ya kaskazini? Imepima, mara nyingi, chumvi, nitrati, floraidi, vijidudu. Vipimo hivyo vina maana yake, kwani nitrati peke yake huua mifugo na kuwageuza watoto wachanga rangi ya buluu. Lakini kipimo cha floraidi hakioni radiamu. Ni lazima uitafute kwa jina. Hatua ya kwanza ni ya bei nafuu: chembe za alfa na beta kwa jumla, na Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka ya kuchuja, bekereli 0.5 kwa alfa na 1 kwa beta kwa lita. Maji yakipita mpaka huo ndipo unaingia kwenye vipimo vya gharama. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi nzima ya sayansi ya nyuklia iliyofundisha watu kazi hii kwa miaka mingi. Kenya ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki tangu 1965. Mashine zipo, wataalamu wapo, barabara ya lami ya Garissa ipo.

Tena kuna sababu ya kupima ambayo haimhusu mchimba mafuta hata kidogo. Maji yetu mengi hutoka kwenye hifadhi ya Merti, maji ya kale yaliyolala chini ya mchanga kutoka Isiolo kupita Habaswein hadi Dadaab na Liboi, ndiyo yaliyowanywesha wakimbizi tangu kambi zifunguliwe mwaka 1991. Huko Jordan, maji ya kale ya Disi yanayotoka kwenye mwamba wa mchanga yalipimwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2009: yalikuwa na radiamu iliyopita viwango vya kunywa mara nyingi, na hakuna aliyewahi kuchimba mafuta pale. Ilikuwa kazi ya Mungu na jiwe. Merti huenda ni safi kabisa, na ningefurahi kulisoma hilo kwenye karatasi yenye muhuri. Mfupa wa mtoto hauulizi kama sumu imeletwa na kampuni au na jiolojia. Wizara inayoshughulika na maji inapaswa kujua kwa vyovyote vile, na inapojua, ndipo itaweza kusema kwa haki kwamba kampuni hazina hatia.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba kusubiri kuna upande kunaoutetea. Kumbuka zile radiamu mbili. Ile ya 226 itakuwepo wajukuu wa wajukuu wetu watakapokuwa wamesahauliwa. Ile ya 228 hupungua nusu kila baada ya miaka 5.75. Mwanasayansi huzilinganisha hizo mbili ili kujua radiamu aliyoikuta imetoka mwamba gani. Ndivyo Duke walivyojua tope la Blacklick limetoka kwenye maji ya visima. Basi kama maji ya chumvi yalimwagwa kwenye shimo mwaka 1989 yakiwa na sehemu 100 za radiamu-228, leo hazijabaki hata 2. Alama ya kidole inafutika yenyewe huku sumu yenye umri mrefu ikibaki. Kila mwaka tunaoambiwa tusubiri ushahidi, ushahidi unazidi kupotea, na hakuna aliyelazimika kuuharibu.

Sasa yale mapipa. Ninaelewa kwa nini watu wanaamini. Mwaka 1988 taka za sumu kutoka Italia zilikutwa Koko, Nigeria, kwenye uwanja wa nyumba ya mtu. Mwaka 1994 mwandishi Ilaria Alpi na mpiga picha Miran Hrovatin waliuawa Mogadishu, naye Alpi alikuwa akifuatilia habari za silaha na taka za sumu. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lilisema mawimbi yametupa makontena ya taka kwenye pwani ya Somalia. Mtu wa Garissa mwenye shangazi Kismayu hahitaji kuwa mpumbavu ili ashuku. Lakini wanasiasa wanaopanda jukwaani na kutamka nyuklia, nyuklia, bila sampuli hata moja mkononi, wanawafanyia kazi wale wanaodai kuwapinga. Ni rahisi sana kukanusha mapipa ya nyuklia. Ni vigumu kukanusha swali la shimo la matope la Elgal: lilikuwa na ukubwa gani, lilitandikwa nini, lilifukiwa kina gani, maji yaliyotolewa wakati wa majaribio yalikwenda wapi, na vyanzo vya mionzi vya sesiamu na amerisiamu vilivyoshushwa kisimani kupima miamba vilirudi vyote? Swali hili halipigiwi makofi mkutanoni. Ndilo lenye jibu.

Wengine husema yaliyopita yamepita, kampuni zile hazipo. Zipo. Amoco iliungana na BP mwishoni mwa 1998, kwa hiyo aliyechimba Garissa-1 mwaka 1968 na mrithi wa aliyechimba Elgal mwaka 1987 ni nyumba moja. Shell ipo. Chevron ipo. Total ameongeza neno kwenye jina lake. Sisemi walichafua, sijaona kipimo cha kunifanya niseme hivyo, na huo ndio msingi wa makala hii. Nasema wanaweza kuulizwa, wana makabati ya kumbukumbu na wanasheria wa kujibu.

Wale wa uwekezaji nao hawakosekani. Tukizungumza sana kuhusu mionzi, wanasema, tutawafukuza wanaotaka vitalu vyetu. Kinyume chake ndicho kilicho kweli. Mwekezaji mwenye akili anataka kujua hali ya ardhi kabla hajaigusa, asije akabebeshwa mzigo wa mtu wa 1968. Na Turkana inakoelekea kuna jambo kubwa kuliko letu: mafuta ya Lokichar, yaliyopatikana Ngamia-1 mwaka 2012, yakianza kutoka kwa kiwango cha biashara yatatoka na maji, mwaka baada ya mwaka, na hapo ndipo gamba na masimbi ya radiamu huanza kujijenga. Taifa ambalo halijajifunza kupima mashimo madogo ya Garissa litapima nini kule?

Sheria tayari imesema neno ambalo mashabiki wa jibu lile hawapendi kulisoma. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, na aya yake ya tatu inasema wazi kwamba mlalamishi hahitajiki kuonyesha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Waliotunga Katiba ya 2010 walijua kwamba maskini akidaiwa maiti kwanza ndipo asikilizwe, atasikilizwa makaburini. Mzigo wa kuleta maiti wa saratani barazani hatukupewa na sheria. Tulijitwika wenyewe, kisha tukakubali kushindwa nao.

Na nyaraka zipo, jambo ambalo watu wengi wa huku hawalijui. Kila kisima cha mafuta huacha ripoti ya kukamilisha: matope ya kila siku na kemikali zake, kina cha kila safu ya maji, matokeo ya majaribio, saruji iliwekwa wapi wakati wa kufunga. Shirika la Taifa la Mafuta limehifadhi takwimu za visima hivi kwa miongo na kuwauzia watafutaji wa mafuta wanaotaka kujua kilichokuwa chini. Kampuni kutoka Calgary au Beijing ikilipia inapewa isome. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma ina siku 21 za kumjibu raia anayeomba. Bunge la Kaunti ya Garissa lina karani, lina karatasi yenye nembo, na lina kamati ya mazingira. Barua ya kuomba ripoti ya Garissa-1 haizidi ukurasa mmoja, na nakala yake inaweza kupelekwa KNRA siku hiyohiyo, pamoja na chupa za maji kutoka visima vya mifugo vilivyo jirani na kile kibao cha saruji.